Mtungi Niliouita Padri

Siku mliponiaga kwa soda na mandazi, mliniomba niwasimulie nilivyoanza kazi. Nilisema maneno mawili matatu nikaketi, kwa sababu mandazi yalikuwa yanapoa na daktari mkuu alikuwa anatazama saa. Sasa niko nyumbani Khwisero. Mahindi nimeshapalilia, na hakuna anayenipigia simu kwamba kuna kitu kimezima wodini. Nina nafasi ya kuwaandikia yale niliyoyaruka. Vyeo na mishahara sitavigusa. Cheo changu mlikiona mlangoni, na mshahara mnaweza kuukadiria kwa kuangalia viatu vyangu.

Ninyi mnaobaki karakana mnatengeneza mashine za hospitali, na mnadhani kazi hiyo ni ya spana, bisibisi na mita ya umeme. Mimi pia nilidhani hivyo. Nusu ya kazi ni maneno. Mashine mpya ikifika, kuna mtu atakayelazwa chini yake, au mbele yake, au atakayetiwa mrija wake puani, na mtu huyo atauliza: hii ni nini? Daktari ana haraka, muuguzi ana wagonjwa wengine, na anayebaki pale akikaza skrubu ni fundi. Kwa hiyo atakayejibu ni wewe. Mashine nyingi nilizitengeneza vizuri. Ni katika kujibu nilikokosea.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata hewa. Fundi wa hospitali alikuwa Mzee Andabwa, mtu mfupi aliyetembea na penseli nyuma ya sikio ingawa sikuwahi kumwona akiandika. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Unajua nini, kijana?"

"Nimesoma fizikia, mzee."

"Vizuri sana. Shika ndoo."

Nikashinda siku nzima nikisugua magamba ya chokaa ndani ya mtambo wa kuchemshia vifaa vya upasuaji. Mzee Andabwa aliuita sufuria. Mashine ya maabara inayozungusha damu aliiita kizunguzungu. Hadubini aliiita jicho. Mimi Kiswahili ndilo somo nililolipenda kuliko yote, na nilikuwa na kamusi ambayo nilikuwa nikiisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Nikamsahihisha.

"Mzee, hilo jicho linaitwa hadubini."

"Ahaa. Hadubini imepona?"

"Bado."

"Basi ponya jicho kwanza, tutalibatiza baadaye."

Alinifundisha mambo ambayo nimewapitishia na mtawapitishia wengine. Sikiliza mashine kabla ya kuifungua, kama vile mgonjwa hapasuliwi kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Skrubu zote ziweke kwenye kifuniko cha kopo, si mfukoni. Na kabla ya kusema kwamba chombo kimeharibika, angalia kama kimechomekwa, kisha angalia panya. Nusu ya magonjwa ya mitambo katika hospitali yetu ilikuwa vumbi na panya. Mara moja tulikuta familia nzima ya panya imehamia ndani ya mashine ya kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mzee Andabwa alisema hao angalau walikuwa wameelewa kazi yake.

Alipostaafu, mimi nikabaki fundi, na mashine za kisasa zikaanza kuja moja moja. Hapo ndipo kamusi yangu ilipopata kazi. Nikajipa jukumu la kuandika jina la Kiswahili kwenye kila kitu. Ofisi ya rekodi ilipoletewa kompyuta, nikabandika karatasi: TARAKILISHI. Kesho yake karani akaja karakana kuniuliza kompyuta yake nimeificha wapi. Ilipofika ile ya kuangalia mtoto tumboni, nikamweleza mama mmoja kutoka Iguhu kwamba ni mtambo wa mawimbi ya sauti ya masafa ya juu. Nilijisikia kama mhadhiri. Yule mama alilala kitandani akiwa ameziba masikio kwa viganja viwili mpaka kipimo kikaisha, na alipoonyeshwa mtoto wake kwenye kioo akauliza kwa sauti kubwa sana: "Na yeye ameziba yake?"

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake alikuwa Sista Zainabu, mwenyeji wa Mumias, mcheshi mwenye ulimi mkali. Akinikuta kwenye korido alikuwa akinisalimu, "Salaam aleikum, profesa," halafu anapita kabla sijajibu. Siku ya yule mama aliniambia, "Fundi, wewe mashine unazitengeneza vizuri. Ni ukifungua mdomo ndipo unaziharibu."

Nilicheka. Ningemsikiliza, nisingekuwa na hili la kuandika.

Wakati huo hewa ya oksijeni ilikuwa inakuja kwenye mitungi. Mnaijua: mtungi mweusi, mrefu kama mtu, na mabega meupe. Tulikuwa nayo michache, kwa hiyo ilitolewa kwa mgonjwa aliyezidiwa kabisa. Nilikuwa nikiisukuma mimi mwenyewe kwenye kigari chenye gurudumu bovu lililolia njia nzima. Asubuhi moja, nikisukuma mtungi kupita kwa wauguzi, nikautazama vile ulivyosimama umevaa nyeusi na kola nyeupe shingoni, nikasema, "Pisheni, pisheni. Padri anakwenda kumwona mgonjwa."

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mtu akishachekwa hivyo mara moja, huwa anataka tena. Nikawa nasema kila siku. Wauguzi nao wakawa wanaitana: "Nani amemchukua Padri?" "Padri yuko kitanda cha mwisho." Kutoka kwa wauguzi jina likaenda kwa wafagiaji, kutoka kwa wafagiaji likaenda kwa wagonjwa, na wagonjwa wakapona wakalipeleka sokoni na kanisani. Huko nje halikuwa mzaha tena. Watu wetu wanajua padri anaitwa kitandani saa gani. Na kwa kuwa mtungi ulikuwa unapewa waliozidiwa, na waliozidiwa wengi walikufa, jina likawa na ushahidi. Watu wakaanza kusema: akishaletewa Padri, ita ndugu zake.

Halafu wakaanza kuukataa. Mkulima mmoja wa miwa kutoka Matungu, mtu mzima wa kimo changu, aling'oa mrija puani mwake nikiwa nimesimama pale pale na spana mkononi. Alisema hajafika saa yake, na kama ni sala atasali kwake. Wanawe wakamshika mabega, wakatoka naye. Sikusikia habari zake tena, na sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Hilo ni kosa langu. Sikulifanya kwa ubaya, lakini nililifanya, na nililifanya kwa ajili ya kuchekwa. Nikaacha kusema lile neno. Wengine hawakuacha. Neno si kama bomba, ukifunga wewe na kwa jirani limefungika.

Miaka ikapita. Siku moja gari la vifaa likatuletea sanduku, na ndani yake mashine nyeupe yenye magurudumu, kama meza ndogo ya kitandani. Haikuwa na mtungi. Inachukua hewa hii hii ya chumbani, inaisukuma kwenye chembechembe fulani nyeupe zilizo ndani yake, zile chembechembe zinashika sehemu ya hewa isiyotakiwa, na oksijeni inapita mpaka kwenye chupa ya maji na kwenye mrija wa mgonjwa. Ilimradi kuna umeme, haiishi. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena kwa furaha tu. Kisha nikachukua kamusi, nikachanganya hili na lile, nikabandika jina: KIKOLEZA-OKSIJENI. Sista Zainabu akalisoma mara mbili, akasema, "Hiyo ni ya kupikia?"

Mashine haijamaliza wiki, mama mkwe wangu akaletwa hospitali na homa ya mapafu.

Jina lake sitaliandika, na walio wenyeji wanajua sababu. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mkono, hamketi kiti kimoja, na kumwona amelala kitandani ni aibu ambayo haina jina. Vijana wa mjini wanasema hayo ni ya zamani, lakini bado sijamwona kijana aliye tayari kuwa wa kwanza. Kwa hiyo mama mkwe alipolazwa, mimi nilikomea mlangoni mwa wodi, nyuma ya pazia la kijani, na mke wangu Dina ndiye aliyekuwa ndani.

Daktari alimbana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa kwenye damu, akatoka akitikisa kichwa. Anahitaji oksijeni sasa hivi, alisema, na anakataa. Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sista Zainabu akaja na kusimama karibu nami.

"Mama yenu anasema hataki Padri," akasema, akinikazia macho. Yeye alikuwa anajua neno lilianza kwa nani. Alikuwa ndiye aliyemwaga chai.

Nikakimbia karakana. Nikaja nikiisukuma ile mashine mpya mpaka kwenye pazia, nikaichomeka ukutani nje ya wodi. Mrija wake ni mrefu; ungefika kitandani bila mimi kuvuka. Nikaita kwa sauti ya chini, "Dina! Mwambie mama huu si mtungi."

"Mama, anasema si mtungi."

Ikaja sauti nyembamba iliyokuwa ikipumzika kila baada ya neno. "Ni nini?"

Nikavuta pumzi. "Mwambie ni kikoleza-oksijeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kwa wingi na oksijeni kwa uchache. Sasa hapa ndani, hewa ikishindiliwa, naitrojeni inanaswa na..."

"Mama," Dina akasema, "anasema hewa ina punje na makapi."

"Sijasema hivyo!"

"Ndivyo ulivyosema, ila umetumia maneno mengi. Na makapi yanaenda wapi?"

"Yanarudishwa nje. Unasikia ikipumua, pshh, pshh? Ndiyo inayatoa."

"Mama, ile pshh ni makapi yanatupwa. Punje ndizo zinakuja kwako."

Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu anayejigeuza atazame mahali sauti inakotoka. "Kumbe ni ungo," mama mkwe akasema.

Kwa mhandisi hilo si sahihi kabisa. Kuna mambo ya mgandamizo hapo katikati. Nilifungua mdomo niseme. Sista Zainabu akanikanyaga mguu.

"Ndiyo, mama," nikasema mwenyewe, kwa sauti, kupitia pazia. "Ni ungo. Unapepeta hewa."

Nilidhani tumemaliza. Dina alikuwa ameshauinua mrija. Lakini mama mkwe akauzuia kwa mkono, akasema polepole, neno na pumzi, neno na pumzi: "Padri naye, walisema ni wa kusaidia. Nani alikuja na jina lile? Kanisani wanasema ni mtu wa hapa hapa hospitali."

Dina pia alikuwa anajua. Mambo ya kazini nilikuwa namsimulia jioni nikitaka acheke, na alikuwa amecheka. Akasogeza pazia kidogo akanitazama kwa jicho moja. Ningeweza kusema sijui. Mtu anayemheshimu mkwewe kwa umbali ana nafasi nzuri sana ya kumdanganya kwa umbali. Lakini kule ndani nilisikia ile pumzi inavyotafutwa, nikamkumbuka mwenye miwa wa Matungu akitoka kati ya wanawe.

"Mwambie ni mimi," nikasema.

"Mama, anasema ni yeye."

"Mwambie ulikuwa mzaha, na ulikuwa mbaya, na kuna watu waliukataa mtungi kwa sababu yangu. Mtungi wenyewe ulikuwa hewa safi tu. Mwambie asikatae kwa sababu ya mdomo wangu."

Safari hii Dina hakufupisha. Alisema yote, neno kwa neno. Sista Zainabu alikuwa anasoma kibandiko changu kwa mara ya tatu.

"Nilijua," mama mkwe akasema. "Siku anakuja kuposa, alizungumza mpaka chai ikaota ngozi. Baba yako akasema, huyu ana mdomo. Tukapokea ng'ombe hivyo hivyo." Akapumzika. "Mwambie avae yeye kwanza."

"Mama, mgonjwa ni wewe."

"Avae."

Nikajitia mirija puani, nikaipitisha nyuma ya masikio, nikafungulia mpaka kile kigololi kidogo cha kipimo kikapanda. Maji yakaanza kutoa mapovu. Nikasimama hapo koridoni nikipumua, na watu wa kliniki ya macho wakakusanyika kutazama, wale wanaoona.

"Amevaa?" mama mkwe akauliza.

"Amevaa, mama."

"Anaonekanaje?"

Dina alichungulia tena. Yeye ni mwenyeji wa Ikolomani, na huko watu wanajua kumtazama ng'ombe. "Anaonekana kama fahali aliyetiwa kamba puani, anamshuku aliyemtia."

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti ambayo kwanza niliiogopa, nikadhani amezidiwa. Alikuwa anacheka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, na katikati ya kucheka akasema, "Lete. Lete ungo wangu, kabla sijafa na kicheko."

Nikabadilisha mirija nikaweka mipya, kwa sababu usafi ni usafi hata kwa mkwe, nikaipitisha chini ya pazia. Dina akamvika. Mimi nikaketi kwenye sakafu ya korido kando ya mashine yangu, mgongo ukutani, nikiisikiliza: pshh, pshh. Jua lilipogeukia upande wa pili wa dirisha, Sista Zainabu akatoka ndani na kile kidude cha kidole. Hakunionyesha namba. Alisema tu, "Profesa, mama yenu anauliza kama kuna uji." Nilikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea, ili asinione uso.

Alitoka hospitali akitembea. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda, na Dina anasema ulikuwa mrefu na ulikuwa na maelezo ya kiufundi. Alieleza ungo, punje na makapi. Alieleza na fahali. Baadaye mgonjwa akifika kwetu amebanwa na kifua, mara nyingi ndugu zake ndio waliouliza kwanza: ule ungo upo? Nikakibandua kibandiko changu nikaandika kingine. Kile mnachokikuta kwenye mashine mpaka leo, UNGO WA HEWA, na ambacho wakaguzi wanauliza maana yake kila wanapokuja, ndicho hicho. Msikibandue.

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kufanya kazi, na hii ndiyo ningetaka mniibie kuliko bisibisi zangu za Kijerumani, ambazo naona moja imeshaibwa. Mashine mpya ikija, usianze na jina. Mwambie mgonjwa inafanya nini, itamgusa wapi, itatoa sauti gani. Kisha nyamaza umsikilize atakavyoiita. Kamusi yangu bado ninayo na bado naipenda. Maneno yake yana mahali pake, na mtoto wa shule anastahili kuyajua yote. Lakini mtu anayetafuta pumzi ana nafasi ya neno moja tu.

Mwezi uliopita mama mkwe alinialika kwake kwa sababu ya kustaafu. Ni mzee sana sasa, na masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Nilikaribishwa sebuleni na mashemeji, tukaletewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, firigisi ikawekwa upande wangu kama inavyompasa mkwe. Yeye alikuwa jikoni, ukuta mmoja kati yetu. Siku hizi hatuhitaji Dina wa kupeleka maneno. Tunazungumza kupitia ukuta, na ukuta umezoea.

"Mkwe," akaita, "hiki kitu wajukuu wanakiuliza masomo kwenye simu, kinawajibu kama mtu. Kinaitwaje?"

"Akili unde, mama. Ni teknolojia ambayo..."

"Nimeuliza vibaya. Kinafanya nini?"

Mashemeji wakaanza kucheka ndani ya mchuzi. Nikaweka tonge chini, nikaanza upya. "Kimesomeshwa maandishi mengi sana ya watu, mama. Ukikiuliza jambo, kinakisia maneno yanayofaa kufuatana, kinakujibu."

"Kinakisia?"

"Ndiyo, mama. Mara nyingi kinapata."

"Na kinaongea sana?"

"Sana."

"Hata kwa jambo ambalo hakilijui?"

"Hata hilo, mama."

Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. "Na kikikosea, kinakubali?"

Nilifikiri kidogo, maana nilitaka kusema kweli. "Kikibanwa sana, mama, kinakubali."

"Basi hilo si jambo geni," akasema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Waambie wajukuu wakiite Mkwe."